Karatasi ya Pili Usiisome kwa Sauti

11 Januari

Kaka Karani,

Shikamoo. Naomba barua hii na kifurushi chake vifike siku moja, maana safari iliyopita barua ilitangulia wiki nzima, ukanijibu kwa hasira kwamba nimekutumia salamu bila kazi. Wifi hajambo? Magoti bado yanamsumbua? Baba mpe shikamoo yangu, umwambie kile kitambaa alichonichagulia kwa vidole nimeshakishona gauni, na kila anayeliona anauliza nani kanichagulia rangi. Nawaambia ni mtu asiyeona. Hawaniamini.

Mimi mzima, ila nimechoka. Chumba ni kile kile, juu ya duka la kuziba matairi. Pampu yao ikianza kunguruma saa mbili asubuhi nami naanza, wakiizima saa kumi nami nafunga daftari. Nimekwenda hivyo miaka mitatu, daftari kumi na moja. Kidole cha kati kimeota sugu, na wino umeingia ndani hautoki hata kwa jiwe la kusugulia miguu.

Kifurushini mna daftari tatu za mwisho, kuanzia sura ya nane hadi ya kumi na nne. Najua utaratibu wako: huwezi kupiga chapa neno ambalo hujalitamka. Miaka thelathini mahakamani hakimu akisema, wewe ukirudia chini chini, vidole vikifuata. Sasa umestaafu na ugonjwa umebaki. Vitabu vyangu sita vimepita mdomoni mwako kabla ya kufika kwa mchapishaji, na tangu macho ya Baba yazime vinapita masikioni mwake pia. Kwa hiyo hiki cha saba sina la kukueleza. Kisome kama kawaida yako. Sura ya tisa ndiyo niliyoiandikia kitabu kizima. Ukiifikia, usiharakishe.

Mdogo wako,
Chiriku

(Jina mlinipa wenyewe kwa sababu ya domo. Siku hizi napitisha siku tatu bila kusema na mtu.)


26 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Huku wazima. Wifi yako magoti ni yale yale. Daktari kamwambia apunguze kupanda ngazi, na nyumba yenyewe haina ngazi hata moja. Baba anakula vizuri, analala mchana, anabishana na redio. Macho ndiyo hivyo tena, lakini masikio Mungu kamwongezea. Juzi kaniambia skrubu ya feni imelegea. Nikapanda kwenye kigoda, kweli imelegea.

Kazi imekwisha. Nimepiga chapa kila asubuhi sebuleni, Baba kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, chai mkononi. Pale mkaguzi anapokalia benchi lenye rangi mbichi alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nirudie mara mbili. Aliniuliza yule mzee wa kitabuni anafanya kazi gani. Nikamwambia mtunza bohari. Akasema, "Kama mimi." Nikasema, "Kama wewe." Ikaishia hapo.

Nimesahihisha nukta zako, maana wewe nukta unazimwaga kama chumvi. Sura nazo nimezipanga zikafuatana vizuri. Daftari zote nimezifungia kabatini. Nakala nimeipeleka moja kwa moja kwa mchapishaji kama ulivyoagiza, isije ikapitia kwako ukaanza kuikimbia.

Pumzika sasa. Kwenye barua yako nimeona mwandiko unalala upande.

Kaka yako,
Karani


2 Juni

Kaka Karani,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Si kwamba nilikuwa na jambo, nilikuwa nimelala. Nikimaliza kitabu mwili unadai usingizi wake wote kwa mpigo.

Baba hajambo? Wifi alipata ile dawa ya kuchua? Ndani ya kifurushi kuna soksi za Baba, zile zisizobana.

Mhariri aliniletea kurasa za mwisho nizipitie kabla ya kwenda mtamboni. Unajua tabia yangu. Kitabu nikishakimaliza nakikwepa kama mtu niliyegombana naye, nikimwona njiani navuka upande wa pili. Nilitia sahihi ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikamrudishia kabla chai yake haijapoa. Alinishukuru kwa kuwa mwandishi asiyesumbua.

Jalada limetoka. Kuna mwanamke kajitwika mtungi, anatazama jua linalozama. Kitabuni hamna mtungi. Kuna mabomba, kuna koki, kuna bohari ya idara ya maji. Nilimuuliza mchoraji, akasema, "Sasa mama, mtungi si una maji?" Sikuwa na nguvu za kubishana. Nimehojiwa na redio mbili na gazeti moja, wote wameuliza mawazo nayatoa wapi, na kama mume wangu hachukii. Mume aliondoka kitabu cha tatu, lakini nimejibu kwamba hachukii.

Uzinduzi ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa tisa alasiri. Najua hamwezi kuja, Baba haiwezi safari hiyo.

Kuna jambo hukunijibu. Baba alisemaje kuhusu sura ya tisa? Alinyamaza? Aliinuka akatoka? Niambie tu, hata kama ni vibaya.

Chiriku


20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Soksi zimefika, zimemkaa vizuri, asante. Dawa ya kuchua ilipatikana, nyumba nzima inanukia duka la dawa. Wifi yako anakusalimu sana. Baba anasema siku ya uzinduzi uvae lile gauni.

Mtungi nao nimeuchukia.

Umeuliza mengi, nami nimejibu ninayoweza.

Karani


9 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na Baba shikamoo. Hii ndiyo karatasi ya sebuleni. Uzinduzi umepita salama. Ukumbi ulijaa, gauni lilisifiwa, nimetia sahihi vitabu mpaka mkono ukafa ganzi. Wifi namtumia picha. Nawapenda.

Karatasi ya pili ni yako peke yako. Usiisome kwa sauti.

*

Walikuja watu sitini na kitu. Mhariri akaniomba nisome kurasa mbili tatu. Nilikuwa nimeshachagua tangu Januari. Nikafungua sura ya tisa, nikamkuta mkaguzi kakalia rangi mbichi. Hiyo ni ya kumi. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, kipaza sauti kikikusanya kila karatasi niliyogeuza. Mwisho nikasema miwani imeniangusha, nikasoma ukurasa wowote. Watu walipiga makofi.

Baadaye mwalimu mmoja alinishika mkono akaniambia kilichomgusa zaidi ni ile huzuni ya mtunza bohari, kwamba sikueleza inatoka wapi, nimewaachia wasomaji wenyewe. Nikamshukuru. Kaka, nilisimama pale nikamshukuru!

Zilikuwa kurasa kumi na mbili. Binti wa miaka tisa anapeleka chupa ya chai kazini kwa baba yake, Jumamosi asubuhi. Bohari imelala wazi kwa sababu baba alisahau kuifunga, koki za shaba zimeibwa, na mkubwa wa kazi yuko njiani. Binti anafika kwenye kibanda cha lango, anamwona baba yake akiutumbukiza ufunguo wa bohari kwenye mfuko wa koti la mlinzi. Mlinzi yule ndiye aliyekuwa akimmenyea machungwa kila akipita. Ufunguo unakutwa kwake, mlinzi anafukuzwa kazi. Baba anapandishwa cheo.

Unajua fika kwamba hiyo si hadithi. Nilikwambia wewe peke yako, wiki tuliyomzika Mama. Ukazitoa kurasa hizo bila kuniuliza, ukanipangia sura "zikafuatana vizuri". Miaka thelathini umeandika ushahidi wa watu bila kuacha neno. Huu wangu ndio uliokushinda?

Chiriku


30 Agosti

Mdogo wangu,

Karatasi yako ya pili nimeisoma bafuni, mlango nimefunga, bomba nimelifungulia. Uliniambia nisiisome kwa sauti. Nilijaribu. Nisipotamka sioni kitu, macho yanapita tu kama ninatazama ukuta.

Kosa nimelifanya, sikatai. Nilifika pale binti anaposukuma mlango wa kibanda. Nikatamka, "Akaliona koti la kaki limening'inia kwenye msumari." Baba akaacha kunywa chai. Kikombe kikabaki hewani. Nikafunga daftari, nikasema tumbo linaniuma. Kesho yake nikaanza na sura ya kumi, nikaiita ya tisa. Nikajua hutagundua, maana hujawahi kusoma kitabu chako hata kimoja. Sikufikiria kwamba utasimamishwa mbele za watu. Kwa hilo nimeona haya, na naomba radhi.

Lakini na wewe nikuulize. Ulijua napiga chapa kwa sauti. Ulijua yuko pale, kikombe mkononi. Uliniandikia, "Ukiifikia, usiharakishe." Chiriku, sura ile hukuwaandikia wasomaji. Miaka arobaini umeshindwa kumwambia mzee uso kwa uso, ukaona umtumie kwa mdomo wangu, kisha wewe ukae zako huko juu ya matairi. Nani angemtazama usoni nikishamaliza kusoma? Mimi ndiye ninayemkata kucha. Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda bafuni.

Ana miaka themanini na minne. Sitamsomea.

Karani


14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Barua hii yote ni karatasi ya pili. Mwambie Baba nina kazi nyingi.

Ni kweli. Nimekaa na barua yako siku tano nikitafuta pa kukukatalia, sijapaona. Nilitaka uwe mdomo wangu. Nimeomba wahusika mia wanisemee, nikaona na wewe nikuongeze.

Sitaki alaumiwe. Hilo naomba uniamini. Nimechoka tu, Kaka. Kila likizo naketi naye, namuuliza habari za redio, namuuliza habari za miguu, naye ananijibu kwa upole, kisha naondoka. Vitabu sita nimekizunguka kibanda kile bila kuingia. Cha saba nimeingia, na nikatoka nikakuta mlango umepigwa plasta. Siku akifa nitamlilia mtu ambaye sikuwahi kuzungumza naye tangu nina miaka tisa.

Toleo la kwanza linakwisha. Mchapishaji anataka kuchapa tena, na amenikubalia kuirudisha sura kama ataipata kabla ya mwisho wa Oktoba. Anasema nikiiacha hivi hivi pia hakuna atakayejua. Ndilo linalonitisha.

Usipotaka kuipiga chapa, nirudishie daftari. Nitaipiga mwenyewe kwa vidole viwili. Sikulazimishi umsomee Baba. Sina haki hiyo tena.

Chiriku


19 Oktoba

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Wifi yako mzima, na miye mzima, na Baba utasikia.

Barua yako ya Septemba niliisoma bafuni kama ile ya kwanza, bomba wazi. Nilipofungua mlango Baba alikuwa amesimama ukumbini na fimbo yake. Sijui alifikaje pale peke yake.

Kasema, "Nimefanya kazi idara ya maji miaka thelathini na moja. Unadhani sijui kusikia mtu anayezungumza nyuma ya bomba?"

Nikarudi kulifunga bomba.

"Kalete daftari."

Nikajitia hamnazo. "Daftari gani, Baba?"

"Lile uliloumwa nalo tumbo."

Kabati liko hatua sita kutoka kwenye kiti chake. Imenichukua wiki nne kuzitembea. Kila asubuhi aliuliza, "Leo?" nami nilisema nina kazi, nami kazi sina. Alhamisi iliyopita hakuuliza. Alikaa tu, mikono magotini, chai hakuigusa. Hapo nilishindwa. Wifi yako alikuwa sokoni. Nikamsomea.

Nilisoma kurasa zote kumi na mbili. Nilikwama mara mbili. Akangoja. Nikafika pale mwisho ulipoandika: "Binti akaiweka chupa ya chai kwenye ngazi, akakimbia. Baba yake hakugeuka." Akainua mkono.

"Hapo si kweli."

Nilijua sasa ataikana yote.

"Niligeuka," akasema. "Nilimwona mlangoni. Na hakukimbia. Aliingia na chupa yake, akanimiminia, akanikorogea sukari, kwa sababu mimi kijiko kilikuwa hakishikiki. Akaniambia, 'Baba, kunywa, itapoa.' Nikanywa yote. Mlinzi akaingia, akatukuta tunakunywa chai kwenye kibanda chake, akatusalimu."

Halafu akapapasa kikombe chake, akakuta chai imepoa.

"Wewe ulikuwa chuoni," akasema, "hukuona. Chiriku gani yule aliyekuwa hafungi mdomo toka asubuhi hadi jioni! Toka siku ile akanyamaza. Mama yenu akasema mtoto anakua. Mimi nilijua ni mimi. Kila akija likizo nangoja aniulize. Anauliza habari za redio."

Nilimuuliza kuhusu mlinzi. Alimtafuta mara moja tu, baada ya kustaafu. Akakuta ameshafariki, yupo mwanawe, fundi seremala. Akashindwa kusema. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Anwani ya karakana anaikumbuka mpaka leo.

Sura nimeipiga chapa yeye akisikiliza, imo humu, na nakala nyingine nimeshaituma kwa mhariri. Mwisho wako uko ukurasa wa kumi na mbili. Maneno yake nimeyaweka kwenye ukurasa wa peke yake, alivyotamka, sikutia nukta yangu hata moja. Chagua wewe.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilijiambia namlinda mzee. Nilikuwa nalinda asubuhi zangu, mimi na yeye na kitabu, tukicheka. Tangu Alhamisi hatujacheka. Lakini jana amekula sahani mbili.

Kaka yako,
Karani


27 Oktoba

Kaka Karani,

Asante. Sina neno jingine la kukupa. Karatasi ni moja tu leo. Msomee kwa sauti, polepole, akiwa kwenye kiti chake.

*

Baba, shikamoo.

Nimekisoma kitabu changu chote, mara ya kwanza maishani, kuanzia jalada lenye mtungi. Kisha nikasoma ukurasa wako.

Kwa miaka arobaini nimekumbuka kwamba nilikimbia. Naiona ngazi, naiona chupa, nasikia viatu vyangu kwenye kokoto. Nilikuwa tayari kukukatalia. Lakini jana asubuhi nimechemsha chai, nikaimimina, nikaanza kukoroga huku nawaza mengine, na nilipotazama nilikuwa nimetia vijiko vitatu. Wewe hunywa kijiko kimoja. Ni siku ile tu nilikutilia vitatu, kwa sababu ulikuwa unatetemeka, na Mama alikuwa akisema mtu anayetetemeka apewe sukari. Kumbe nilikuwepo. Nimeketi sakafuni jikoni nikalia mpaka chini wakawasha pampu.

Mwisho wangu nimeufuta. Mhariri ameshapata wako.

Ile karakana ya seremala tutakwenda wote. Ukishindwa kusema, utashika fimbo, nitasema mimi, na safari hii hatutaomba maji.

Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kaka asisome tena chochote, apumzishe koo. Chai nitapika mwenyewe. Nina maswali ya miaka arobaini, Baba, na hakuna hata moja linalohusu redio. Utachoka kunisikiliza.

Binti yako,
Chiriku